Watu wa stima na maji wakibisha hodi shambani: haki zao, haki zako, na hatua za kufuata Malindi na Lamu

Nguzo ya stima ikishasimamishwa shambani mwako kihalali, mwenye nguzo si mgeni tena, wala hajawa mwenye shamba. Ana njia ya kuufikia mtambo wake, kuukagua na kuutengeneza, na njia hiyo ina mipaka. Ugomvi mwingi wa mashambani huzuka pale upande mmoja unaposahau nusu ya maneno hayo: mwenye shamba hufunga geti akidhani hatimiliki inamaliza kila kitu, na mafundi huingia na misumeno wakidhani nguzo yenyewe ndiyo kibali.

Mwongozo huu ni wa mwenye shamba, mwenye nyumba, mlinzi wa ploti ya mtu aliye mbali, na pia skwota aliyepanda minazi yake kwenye ardhi isiyo na hati. Huyu wa mwisho mara nyingi huambiwa hana lake. Si kweli, na sababu iko hapa chini.

Jua kwanza mtambo ni wa nani

Laini za nguzo za mbao au zege zinazoleta stima vijijini ni za Kenya Power. Minara mirefu ya chuma inayotoka Rabai, ikapita Malindi na Garsen hadi Lamu, ni laini ya kilovolti 220 ya KETRACO, kampuni ya serikali ya kusafirisha stima. Mabomba ya mitaani Malindi ni ya MAWASCO, na ya Lamu ni ya LAWASCO. Bomba kubwa linalotoa maji Baricho, kando ya mto Sabaki, liko chini ya wakala wa maji wa Pwani. Nyaya za intaneti zinaweza kuwa za kampuni yoyote, hata zikining'inia kwenye nguzo ya stima.

Soma kibao au namba iliyo kwenye nguzo, transfoma au mnara, uiandike na kuipiga picha. Barua isiyo na namba ya nguzo huzunguka ofisini wiki nyingi, kwa sababu anayeisoma hajui ni nguzo gani kati ya maelfu.

Halafu fanya sachi ya ardhi, yaani upekuzi wa rejista ya ardhi, lakini usiitegemee peke yake. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinataja haki zinazoibana ardhi hata kama hazikuandikwa kwenye rejista, na laini za stima, za simu na mabomba yaliyowekwa kwa nguvu ya sheria ni miongoni mwazo. Kwa hiyo unaweza kununua ploti Watamu yenye sachi safi kabisa, kumbe bomba limelala chini yake na mwenye bomba ana haki ya kulifikia. Kabla ya kulipa hata shilingi, tembea ploti yote ukitazama juu na chini: nguzo, waya wa kushikilia nguzo ambao mafundi huuita stei, mifuniko ya chemba za valvu, vigingi vya zege vilivyochomoza mchangani, na mstari wa majani mabichi wakati wa kiangazi, ambao mara nyingi huonyesha bomba linalovuja. Muulize mwenye shamba jirani laini ilipita lini na nani alitia sahihi.

Tofautisha aina tatu za kuingia

Kuna kuingia kuweka kitu kipya, kuna kuingia kukagua au kutengeneza kilichopo, na kuna dharura. Kila moja ina masharti yake, na anayezichanganya huumia.

Dharura haisubiri barua. Waya umeanguka, transfoma inawaka, bomba limepasuka na maji yanachimba msingi wa nyumba: wafungulie. Waya ukiwa chini, kaa mbali angalau mita 10, zuia watoto na mifugo, na upige 97771, namba ya huduma kwa wateja ya Kenya Power. Usiuguse kwa ufito hata kama ni mkavu, kwa kuwa ufito wa pwani huwa na chumvi na unyevu ndani. Dharura, hata hivyo, haifuti deni: mwembe uliokatwa usiku wa tufani unadaiwa fidia sawa na uliokatwa mchana kwa barua.

Ukaguzi na matengenezo ya kawaida yanahitaji taarifa ya mapema na saa ya kiungwana. Pwani yetu mafundi huja mara nyingi kuliko bara, na sababu ni chumvi. Upepo wa kusi hupeperusha mvuke wa bahari, chumvi ikaganda kwenye vikombe vya kauri vinavyoshika waya. Manyunyu ya kwanza yakilowesha chumvi hiyo, stima hupata njia ya kuvuja juu ya kikombe, unasikia mlio kama wa samaki anayekaangwa, na kichwa cha nguzo ya mbao kinaweza kushika moto. Ukiusikia mlio huo usiku, ripoti. Na mafundi wakija kusafisha au kubadilisha vikombe, waruhusu, kwa sababu kazi hiyo inakulinda wewe kwanza.

Kitu kipya ndicho chenye uzito. Sheria ya Kawi ya 2019 inataka mwenye ardhi aombwe ridhaa kabla ya laini kupitishwa. Fomu utakayoletewa huwa na neno la Kiingereza "wayleave". Maana yake ni haki ya njia: unaruhusu laini ipite, ardhi inabaki yako. Ukikataa bila sababu ya maana, mambo hayaishi hapo. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaruhusu haki ya njia iundwe kupitia Tume ya Kitaifa ya Ardhi, hata bila ridhaa yako, baada ya taarifa kutolewa na pingamizi kusikilizwa. Kwa hiyo jawabu bora mara nyingi ni la masharti: ipite mpakani badala ya katikati, nguzo isimame hapa na si pale. Masharti hupatikana kabla ya sahihi. Baada ya sahihi, kuhamisha laini ni kwa gharama ya anayeomba ihamishwe.

Kabla ya kutia sahihi

Mwombe aliyeleta fomu mtembee naye njia nzima, akiweka kigingi mahali pa kila nguzo. Uliza mambo haya, na majibu yaandikwe kwenye fomu au kwenye karatasi itakayoambatanishwa nayo:

– Nguzo ni ngapi na stei ni ngapi? Watu hukubali nguzo, kisha hushangaa waya wa stei umekita mita kadhaa pembeni, katikati ya njia ya punda au mlango wa zizi. Nguzo ya pembeni, pale laini inapokata kona, lazima iwe na stei, kwa sababu waya zinaivuta upande mmoja.
– Upana wa njia ni mita ngapi, kutoka katikati ya laini kwenda kila upande? Kwa laini ya kilovolti 220 ni mita 40 kwa jumla, yaani 20 kila upande.
– Ni nini kitaruhusiwa chini yake? Kwa kawaida mahindi, kunde, mihogo na mboga huruhusiwa. Nyumba, minazi, miembe na moto mkubwa wa kuchoma vichaka haviruhusiwi.
– Miti gani itakatwa, na magogo ni ya nani? Andika wazi kwamba magogo na makuti yanabaki kwako.
– Wakirudi kukagua, watapitia geti gani, na watampigia nani siku ngapi kabla?

Kwa bomba, uliza pia upana wa mahali pa kufanyia kazi. Mchanga wa Malindi haushiki kingo: mtaro wa nusu mita hubomoka ukawa mita moja na nusu, na kile ulichodhani ni mstari mwembamba kinameza safu nzima ya mihogo. Taka udongo wa juu, ule mweusi kidogo wenye rutuba, utengwe peke yake na urudishwe juu. Ukichanganywa na mchanga wa chini, sehemu hiyo haitoi kitu kwa misimu kadhaa.

Kisha tazama ni nani anatia sahihi. Shamba la ukoo lisilogawanywa lina wenye haki wengi, na ridhaa ya mmoja inaweza kuwabana wote, na fidia yote ikaingia mfuko mmoja. Kaeni kikao, muandike majina yenu na nani atapokea pesa kwa niaba yenu. Mlinzi wa ploti asitie sahihi ya ridhaa kamwe, hata akiambiwa ni ya kuonyesha tu kwamba barua imefika. Akilazimika kupokea barua, aandike "nimepokea, si ridhaa" pamoja na tarehe, jina lake na saa, halafu aipige picha na kumtumia mwenyewe siku hiyohiyo.

Usitie sahihi fomu yenye nafasi tupu wala isiyo na mchoro. Nafasi tupu hujazwa baadaye, na hapo wewe hupo.

Hesabu kabla ya panga

Hii ndiyo hatua inayookoa au kupoteza pesa nyingi kuliko zote, na watu wengi huifanya kinyume: miti inakatwa, halafu wanaanza kubishana ilikuwa mingapi.

Piga kila mti namba kwa rangi, upande mmoja, kwenye kimo cha kifua. Kwenye daftari andika namba, aina, umri unaoujua, mzunguko wa shina kwa sentimita ukipima mita 1.3 kutoka chini, na kama unazaa au bado. Piga picha mbili kwa kila mti: moja ya shina lenye namba, moja ya mti mzima na laini ikionekana nyuma yake. Mwite mzee wa mtaa na mtu wa kampuni, mhesabu pamoja, na wote watatu mtie sahihi kila ukurasa. Nakala moja ibaki kwako. Kwa bei, usikisie wala usikubali ya kubuni: thamani ya mimea ya chakula na biashara hutafutwa kwa afisa wa kilimo, ya miti ya msitu na mbao kwa idara ya misitu. Omba kiwango kwa maandishi.

Mnazi una shauri lake. Mwembe au mkwaju ukipunguzwa matawi utachipua tena. Mnazi una kichwa kimoja tu, na kila kuti na kila nazi hutoka kwenye moyo ulio kileleni. Ukikatwa moyo, mti umekufa hata kama shina bado limesimama. Kwa hiyo "kupunguza" mnazi kuna maana mbili tofauti kabisa. Kukata makuti ya chini yanayoelekea kwenye waya ni kupunguza. Kukata kilele ni kuua, na lazima kuandikwe na kulipwa kama mti mzima. Mnazi mrefu wa kwetu huanza kuzaa baada ya miaka 5 hadi 7, halafu huzaa miongo mingi; anayekata kilele chake amekata mapato ya mtoto wako pia. Wasimamie siku ya kazi, ukiwa mbali na njia ya mti kuanguka, na umwonyeshe mwenye msumeno namba zilizo kwenye daftari.

Wala usipande mwenyewe kukata kuti lililogusa waya. Mgema mwenye ujuzi wa miaka 30 anaweza kufa kwa kuti moja bichi, kwa sababu kuti bichi lenye maji ya chumvi hupitisha stima. Ripoti, na umkataze mgema kupanda minazi yote iliyo jirani na laini mpaka ishughulikiwe.

Kuhusu skwota: kifungu cha 148 cha Sheria ya Ardhi kinapozungumzia fidia ya haki ya njia, kinamtaja mtu anayeikalia ardhi kihalali au anayeikalia kwa hakika, na kinaongeza fidia ya miti, mimea na majengo yaliyoharibiwa. Kukosa hati hakufuti mikorosho uliyoipanda. Lakini hapo ushahidi unabeba mzigo wote, kwa kuwa huna hati ya kukusemea: picha za zamani, barua ya chifu, risiti za mauzo ya korosho au nazi, majirani wanaojua ulianza kulima lini. Viandae kabla ya mtu wa kampuni kufika.

Mafundi wakifika getini

Watake kitambulisho cha kazi na upige namba rasmi ya kampuni kuthibitisha, si namba wanayokupa wao. Mwanakandarasi aje na barua ya kampuni iliyomtuma, yenye jina la kazi na tarehe. Andika majina, namba ya gari, saa ya kuingia na ya kutoka. Waongoze kwa njia mliyokubaliana, funga mbwa, fungua geti lote. Ukikataa kuwafungulia wenye vitambulisho na taarifa sahihi, unajiweka pabaya: kuzuia kazi ya stima kwa makusudi ni kosa kisheria, na kufunga laini au bomba kwa ukuta hakukupi haki yoyote. Ukiwa na sababu ya kuwataka warudi siku nyingine, kama mazishi au ng'ombe anayezaa zizini, sema, pendekeza siku na saa, na uandike ujumbe ule kwenye simu. Kutaka siku nyingine si kuzuia.

Wasioweza kujitambulisha hawaingii, hata wakiwa na ngazi na kofia za kazi.

Mji wa Kale wa Lamu

Mkomani na Langoni mambo ni mengine, kwa kuwa laini haipiti shambani bali ukutani, na mita iko kwenye kichochoro ambacho punda wawili hawapishani. Mji wa Kale ni urithi wa dunia tangu 2001 na unalindwa na sheria za makumbusho na turathi. Kabla ya ukuta kutobolewa au kichochoro kuchimbwa, ulizia idhini ya Makumbusho ya Kitaifa, na usichukue neno la fundi kwamba "tumezoea".

Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hupumua. Unyevu unapanda kutoka ardhini na kutoka kupitia chokaa. Fundi akitoboa ukuta kupitisha bomba la waya kisha akaziba kwa saruji, saruji inafunga njia ile. Unyevu na chumvi hutafuta pa kutokea pembeni, na baada ya mvua chache utaona duara la plasta iliyovimba kuzunguka kiraka, kisha inamomonyoka ukiigusa kwa kidole. Kiraka kinabaki, ukuta unaondoka. Andika kwenye ridhaa: tundu lizibwe kwa chokaa na mchanga, bila saruji, na boriti wala nakshi ya mlango isiguswe.

Halafu kuna heshima ya nyumba, na hii pia ina nguvu ya Katiba, kwa kuwa Kifungu cha 31 kinalinda faragha ya makazi. Fundi apige hodi na asubiri dakani, yaani barazani mlangoni, mpaka aitwe. Ikiwa lazima apite kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, kwenda darini, apewe mtu wa kumtangulia ili walio ndani wajisitiri. Mkubaliane saa isiyogongana na swala, hasa Ijumaa mchana. Ombi hili ni la kawaida, na kampuni inayofanya kazi Lamu inapaswa kulizoea. Bora zaidi, mita ihamishiwe ukuta wa nje au ndani ya daka, na zogo la kuingia ndani litapungua sana.

Mnara wa simu ni mkataba wa aina nyingine

Mwenye mnara wa simu kwa kawaida hukodi kipande cha ardhi kwa miaka na kulipa kodi. Soma mambo manne: kodi hupandaje, nani analipa ada za ardhi, ufikiaji wa usiku unaruhusiwa vipi (jenereta na betri huharibika usiku pia), na nani anaondoa zege la msingi mkataba ukiisha. Hilo la mwisho likiachwa, utabaki na tuta la zege lisilong'oka.

Wakikosea, panda ngazi moja moja

Anza kwa barua kwa kampuni, si kwa simu. Weka namba ya mtambo, tarehe, picha, daftari la hesabu na kiasi unachodai. Pata muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Kama huna nakala ya ridhaa wanayodai uliitoa, iombe kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016: taasisi ya umma ina siku 21 kujibu. Mara nyingi ombi hili peke yake huonyesha kama karatasi ipo au haipo.

Jibu lisiporidhisha, lalamiko la stima hupelekwa EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na petroli, na kutoka hapo Jopo la Kawi na Petroli. La maji huenda kwa WASREB, bodi inayosimamia huduma za maji, la simu na intaneti kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Ardhi ikichukuliwa au kubanwa bila fidia ya haki, Kifungu cha 40 cha Katiba ndicho msingi wako, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ina kituo Malindi. Wakili hugharimu, lakini mwenye daftari lenye sahihi tatu hutumia muda mfupi wa wakili kuliko mwenye maneno matupu.

Kwa bomba, usitie sahihi ya kuthibitisha kazi imekamilika siku ileile mtaro unapofukiwa. Mchanga uliorudishwa bila kushindiliwa kwa tabaka huonekana sawa wakati wa kiangazi, kisha hulala masika ikipiga, na utakuta bonde refu linalokusanya maji pale lilipopita bomba. Sahihi ya kwanza iseme "kazi imefanywa, urejeshaji utakaguliwa baada ya masika". Mwezi wa Juni au Julai tembea mtaro wote na kijiti chenye alama za sentimita, pima ulipobonyea, piga picha, na uwaite warudi kujaza.